Bustani Niliyoipanda Nikiwa Edani

Nyumba yetu ilikuwa juu ya kilima kinachotazama mashamba ya Kizimbani, na uwanja wake ulikuwa umeinama hata ukiangusha ndimu mlangoni, unakwenda kuiokota chini kwenye mikarafuu. Mume wangu aliijenga pale kwa sababu kiwanja kilikuwa cha marehemu baba yake, na kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akifanya kazi kwenye vitalu vya miche vya serikali, safari fupi kwa baskeli. Mimi nilikuwa mtu wa mjini. Nilizaliwa mtaa wa Malindi, humo humo kisiwani kwetu, kwenye nyumba ya ghorofa iliyobanana na nyingine, jirani akikohoa tunampa pole dirishani. Udongo niliujua katika makopo ya mrehani ya mama yangu, basi.

Miaka ile ya hamsini, mwanamke wa mjini akiolewa shamba, jamaa zake humlilia kama anayesafiri bara. Nami nilililiwa. Lakini nilimpenda mume wangu, na kilima nikakizoea kwa ajili yake. Asubuhi akiondoka nilifanya kazi zangu masikio yakiwa njiani, na alasiri nikisikia mnyororo wa baskeli unalalama kwenye mpando, najua siku imekwisha vizuri. Mtoto hatukujaaliwa. Tulikuwa tukingoja, kila mmoja bila kumwambia mwenziwe.

Kaskazi moja, jua kali, majani yote uwanjani yamegeuka rangi ya mkeka mkuukuu, aliamua kuukata uwanja ule ngazi ngazi. Alipigilia vigingi, akafunga kamba kutoka kigingi hadi kigingi, kisha akawa anachimba upande wa juu na kuusukumia udongo upande wa chini, na ule udongo akauzuia kwa ukuta mfupi wa mawe usio na chokaa. Kazi hiyo aliifanya kila alasiri mpaka maghribi, kikoi kiunoni, mgongo umejaa vumbi jekundu.

"Masika ikija," alinambia siku moja ameegemea sururu, "maji yatashuka hapa kwa adabu. Hayatakimbia na udongo wetu."

"Na hapa juu utapanda nini?" nikamuuliza. Nilikuwa nimekaa kizingitini napeta mchele.

"Hapa ni pako. Asumini, mawaridi, mkilua. Ili usinambie tena unaiona Malindi usingizini."

Ngazi ya pili aliitaka iwe ya mboga, ya tatu ya viungo, na chini kabisa michungwa. Aliizungumza bustani ile kama wanaume wengine wanavyozungumza masomo ya watoto wao. Jioni nyingine alirudi na miche iliyopinda au iliyodumaa, ile ambayo kazini ingetupwa, akaipanga ndani ya makopo matupu ya samli chini ya upenu. Aliijua yote kwa kuitazama tu, kwa hivyo hakuona haja ya kunitajia ni mche gani.

Ngazi ya kwanza aliimaliza. Ya pili alifika nusu. Jumatatu moja alirudi kutoka kazini anatetemeka, akasema ni jua. Ijumaa alizikwa.

Siku za matanga nyumba ilijaa wanawake mpaka uani. Walipika, walisoma, walinishika mikono. Mimi sikulia. Machozi niliyatafuta nikayakosa, na niliona baadhi yao wananitazama kwa jicho la pembeni. Baada ya hitima wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na kila aliyeondoka alichukua sauti yake, mpaka tukabaki mimi na mama.

Mama alikaa nami majuma ya mwanzo. Kisha zikaja habari kutoka mjini kwamba baba kaanguka bafuni, mguu hauna nguvu.

"Twende sote," mama akasema. "Eda ukaimalizie nyumbani."

"Mama, mauti yamenikuta hapa. Eda nitaikaa hapa."

"Peke yako kilimani, mwanangu?"

"Wifi yupo hapo chini."

Jibu hilo halikumtuliza mama, maana alimjua wifi yangu. Alikuwa dada mkubwa wa mume wangu, wa mama mmoja na baba mmoja, aliyeachika zamani na kuishi peke yake kwenye nyumba ya udongo chini ya kilima, na kuku zake na konde lake la muhogo. Mimi hakunitaka tangu mwanzo. Siku ya harusi alimuuliza shangazi yangu, mbele ya watu, "Huyu na vidole hivyo atamlimia nini mdogo wangu?" Watu walicheka wakidhani ni utani wa mawifi. Yeye hakucheka.

Mama akaondoka. Nilisimama nyuma ya ua wa makuti nikasikiliza viatu vyake vikiteremka, mpaka nikawa sijui tena kama nasikia viatu au moyo wangu.

Upweke wa mjini ninaujua, na wa shamba ninaujua, na haufanani. Mjini ukiwa na huzuni, watu wanakupita karibu. Unasikia mtu anatia maji, mtoto anapigwa, muuza kahawa anagonganisha vikombe, na huzuni yako inapata pa kuegemea. Kule kilimani adhuhuri ilikuwa ikisimama wima. Mabati yalialika kwa joto. Mbali, kwenye barabara, gari la mizigo lilibadilisha gia, kisha kimya kikarudi mahali pake. Baskeli ilikuwa imeegemea ukuta, na mimi sikuwa na ujasiri wa kuiondoa wala wa kuigusa. Nilipika mchele wa watu wawili kwa mazoea, na uliobaki niliwatupia ndege. Siku nyingine nilisema neno kwa sauti, "chumvi" au "mlango", ili nisikie kama koo langu bado linafanya kazi.

Wifi alikuja kila siku kuniletea maji na chochote alichopika. Aliweka debe mlangoni, akauliza, "Ushakula?" Nikajibu, "Nshakula." Akageuka. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Asubuhi moja nikasikia magurudumu na ng'ombe wanahema nje ya ua.

"Hodi! Hodi hapa!" Sauti ya mwanamme mtu mzima.

Mwanamke wa eda haonani na wanaume wasio maharimu wake, basi nikasimama nyuma ya makuti. "Nani?"

"Mwenye gari la mawe, bibi. Nimeleta mzigo wa pili. Bwana yupo?"

Nikashika fito za ua. "Hayupo."

"Basi atarudi saa ngapi? Aliniambia anataka mwenyewe kunionyesha pa kuyamwaga."

Tangu afariki, sikuwahi kumwambia mtu. Waliokuja wote walikuja wakijua. Sasa neno lile lilikuwa juu yangu, na nilihisi kwamba nikilisema kwa mtu ambaye ndani ya kichwa chake mume wangu bado yu hai, nitakuwa namuua mimi.

"Amefariki," nikasema.

Ng'ombe mmoja akapiga kwato chini. Halafu yule mzee akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," pole pole, neno kwa neno, na nikasikia anaguna kama mtu aliyekaa ghafla. "Mbona alikuwa mzima? Tulicheka pamoja hapa hapa, bibi. Tulicheka."

"Alikuwa mzima," nikasema.

"Basi mawe haya niyarudishe?"

Sijui nilifikiri nini. Nadhani sikufikiri. "Yamwage," nikamwambia.

Aliyateremsha moja moja, asiyatupe, kama anayeogopa kuamsha watu. Akaondoka bila kuaga kwa sauti.

Mawe yalikaa pale siku nyingi. Kila nikitoka uani niliyaona, meupe, yenye matundu, mawe ya pwani yaliyopandishwa mlimani. Kisha alfajiri moja, baada ya sala, nilikwenda kumwagia maji ile miche ya kwenye makopo. Maji yalikuwa ya shida wakati ule, mvua bado, na nilikuwa nikiinywesha kwa maji ya kuoshea mchele na ya udhu. Nikaona ile kamba aliyoifunga kwenye ngazi ya pili imelegea na kugusa ardhi. Niliikaza. Nilipokwisha kuikaza nikaona pengo alipoishia ukuta wake, pana, na udongo umeanza kumong'onyoka. Nikaenda kwenye rundo, nikachukua jiwe moja, nikalitia pale. Likaanguka. Nikaligeuza, nikalitia tena. Likakaa.

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Kila siku baada ya alfajiri, kabla jua halijapanda, nilibeba mawe kifuani kama mtoto na kuyapanga. Nilichimba kwa sururu yake, ambayo ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, na mara ya kwanza nusura nijikate kifundo. Mikono ilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine. Kucha zangu bado zilikuwa na hina ya harusi ya binamu yangu, na mawe yakaila hina yote. Usiku nililala. Tangu afe, nilikuwa sijalala.

Ngazi ya pili niliimaliza, nikaanza ya tatu. Wifi aligundua siku aliyokuja mapema kuliko kawaida.

"Hodi!" Na kabla sijamkaribisha kashaingia. Akasimama na debe lake kichwani, ananitazama nimo shimoni, kanga imejaa udongo.

"Shikamoo wifi," nikasema.

Hakuitikia. Alilitua debe. "Wewe una wazimu?"

"Sina."

"Kaburi la mumeo halijakauka, wewe unafukua uwanja! Watu watasema nini? Mjane wa watu yumo edani anashika sururu kama kibarua!"

"Sijatoka nje ya ua, wifi. Sijajitia manukato, sijapaka wanja. Jembe halina harufu."

"Na ile je?" Akanyoosha kidole kwenye kopo la asumini, lililoanza kutoa majani mapya. "Ile haina harufu?"

"Bado haijatoa ua."

Akabeba debe tupu la jana akateremka. Nilidhani hatarudi. Alasiri yake akarudi, jasho linamtoka, akasimama mlangoni.

"Nimekwenda kumuuliza mwalimu wa chuo cha Kurani," akasema. "Kasema kupanda si haramu kwa mwenye eda. Lakini maua yakitoka, usichume."

"Sitachuma."

Alikwishageuka kwenda zake, kisha akasimama. "Unampandia nani lakini? Eda ikimalizika, uwanja huu ni mirathi. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

Nilikuwa nalijua kama mtu anavyojua kwamba bahari ina kina. Mke asiye na mtoto fungu lake si kubwa. Wapo ndugu zake wa baba mmoja huko kaskazini, na yupo dada huyu. Usiku ule nilijiuliza nampandia nani, na jibu nililolipata ni kwamba sikuwa nampandia mtu. Nilikuwa nafuata kamba. Aliifunga yeye, na ilikuwa ndicho kitu pekee kilichokuwa bado kinanambia kesho nifanye nini.

Ilipokaribia masika, mawingu meusi yalianza kujikusanya upande wa kusini na joto likawa la kukaba roho. Ilibidi miche iteremke ardhini, na mimi, ukiacha asumini na mawaridi, nilikuwa siijui. Wifi alipokuja na maji nikamwomba.

"Wifi, hebu niangalizie. Huu ni nini?"

Nilitaraji anicheke. Alichuchumaa, akafikicha jani, akanusa. "Mdalasini." Akafikicha la pili. "Mkarafuu, lakini huu mgonjwa, utasumbuka nao bure." Alikwenda hivyo kopo kwa kopo: mchaichai, pilipili manga, mkilua, mkomamanga. Kwenye mche mmoja wenye majani membamba yanayong'aa alinusa mara mbili, akautafuna kidogo, akatema.

"Huu siujui. Sijapata kuuona. Kautoa wapi?"

"Hakunambia."

"Upande tu," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

Niliupanda mahali pazuri kuliko pote, karibu na dirisha la chumba chetu. Ulikufa mvua zilipozidi, na mpaka leo sijui ulikuwa mti gani.

Mvua ziliponyesha kwanza zilikuja kwa upole, nikafurahi. Nilisimama mlangoni nikatazama maji yanajaa ngazi ya kwanza, yanatulia, kisha yanateremka ya pili kama alivyosema. Nikageuka ndani nimwambie. Nilifungua mdomo kabisa, nusu ya jina lake ilikwishatoka.

Halafu masika ikaja yenyewe. Ilinyesha mfululizo, mchana ukawa kama maghribi. Alasiri ya siku ile nilisikia kitu kama gunia la nazi linaloporomoka. Nikatoka mbio. Ukuta wa ngazi ya tatu, ule wangu peke yangu tangu jiwe la kwanza, ulikuwa umefura tumbo na kupasuka. Udongo mwekundu ulikuwa unatoka kwenye pengo kama uji, umebeba mchaichai na mdalasini, unateremka mikarafuuni. Kuta zake yeye zilisimama. Wangu ndio ulioanguka.

Nilijaribu kuziba kwa mikono. Nikitia jiwe, maji yanalitoa. Niliteleza nikaanguka kitako kwenye tope, na nilipokuwa pale chini, mvua inanipiga usoni, kilio kikanijia. Kilikuja na sauti kubwa nisiyoijua. Nilimlilia mume wangu, na mtoto tusiyempata, na kopo la samli lililokuwa linaelea mbele yangu. Nililia kama nilivyotakiwa kulia siku ya matanga mbele ya watu, na sasa hapakuwa na mtu.

Alikuwapo. Wifi alikuwa amepanda kilima na gunia kichwani kuangalia kama nyumba imevuja. Sijui alisimama pale muda gani. Nilimwona anafunga kanga yake vizuri kiunoni, anavua ndara, anaingia kwenye tope.

"Inuka," akasema. "Tulitafutie maji njia kwanza. Mawe baadaye."

Tulichimba mfereji pembeni, yeye kwa jembe mimi kwa mikono, mpaka maji yakageuka. Kisha tukaanza kuokota mawe yaliyovingirika. Makubwa tuliyaviringisha pamoja, bega kwa bega. Mvua ilipopungua, tulikuwa tumekaa juu ya ukuta wa ngazi ya pili, tumelowa, tope mpaka nyusi.

"Alipokuwa mdogo," wifi akaanza, "mvua ikinyesha alikuwa anakwenda kuziba maji ya upenuni kwa udongo. Anajenga kiukuta hivi, maji yanajaa, anakaa kuyatazama. Mama akija na ufagio anakivunja. Basi analia huyo! Analia mpaka anatapika."

Nikacheka. Yeye naye akacheka, kisha kicheko chake kikakatika, akaufunika uso kwa kanga iliyolowa. Nilimwacha. Alipoufunua alisema, hali akitazama mbele:

"Mie nilikuwa sikupendi."

"Nilikuwa najua."

"Nani kakwambia?"

"Uso wako, wifi."

Akanigeukia, akanitazama vizuri, labda kwa mara ya kwanza. "Basi na wako haufichi kitu," akasema. "Nenda kabadili nguo, utashikwa na homa na wewe."

Tangu siku hiyo alikuja asubuhi na alasiri. Tuliujenga upya ukuta ule, na chini yake tukapanda mchaichai mstari mzima ushikilie udongo. Alinifundisha kushika jembe nisiumie mgongo. Lakini jua likikaribia kuzama lazima ateremke kufungia kuku zake, na kila akiteremka nilimfuata kwa macho kupitia tundu la makuti mpaka kanga yake ikapotea kwenye mikarafuu. Nilikuwa nimezoea kutokuwa na mtu. Kuwa na mtu kisha akaondoka ilikuwa kazi mpya.

Asumini ilitoa maua kabla eda haijamalizika. Jioni harufu yake iliingia mpaka chumbani, na mimi nililala nayo nimefunga macho. Sikuchuma hata moja. Asubuhi nilikuta yameanguka, meupe chini kila mahali, nikachukua ufagio nikayafagia pamoja na majani makavu.

Siku ya kutoka eda walikuja mama na wanawake wa Malindi kwa gari la shamba, wakaniogesha, wakanivisha kanga mpya. Bibi mmoja aliishika mikono yangu akaigeuza, akatazama sugu.

Baada ya siku chache walikuja wale ndugu wa kaskazini, watu wapole, wakakaa barazani kuzungumza mirathi. Mimi na mama tulikaa ndani ya mlango. Mkubwa wao alieleza mambo kwa utaratibu, kisha akamuuliza wifi ana lipi.

"Akitaka kukaa, akae," wifi akasema. "Nyumba ni yake kama alipokuwa na mumewe. Mie sina haraka ya kugawana."

Wote wakageukia mlangoni kunisubiri. Nilikuwa nimelipanga jibu siku nyingi: kwamba nitakaa, kwamba ngazi ya nne bado, kwamba michungwa haijapandwa. Nikamtazama mama. Alikuwa amekonda, na ukaya wake wa kichwani ulikuwa umefungwa vibaya, kama mtu aliyeamka usiku kumgeuza mgonjwa. Lakini haikuwa hiyo tu. Nilifikiria kaskazi nyingine juu ya kilima kile, mabati yanaalika, baskeli ukutani, nami nimekwisha kumaliza kila alichokianza.

"Nitarudi mjini," nikasema.

Wifi aliangalia nje. Tuligawana kwa wema, nyumba na uwanja vikawa fungu lake yeye. Siku ya kuondoka alinibebea mzigo mpaka barabarani, akaupakia, akanambia, "Haya, salama," kisha akapanda kilima bila kugeuka.

Malindi niliirudia nikaikuta ile ile, mimi ndiye sikuwa yule yule. Nilimuuguza baba mpaka akafa. Nilishona kofia dirishani. Jamaa walinichukua jioni bustani ya Forodhani, watu wamejaa, watoto wanakimbizana kwenye majani, na nilitembea katikati yao nikitazama jinsi vitalu vya maua vilivyopangwa, mahali gani maji yatatuama mvua ikija. Sikuwa na wa kumwambia jambo kama hilo.

Kilimani nilirudi baada ya mwaka na zaidi. Niliogopa, nikajikaza. Nilipofika nilisimama kwenye lango la ua nikashindwa kupiga hodi. Ngazi ya kwanza, ile ya maua, ilikuwa imejaa muhogo. Mawaridi hayapo, mkilua haupo, asumini imeng'olewa mpaka shina.

Wifi alitoka jikoni. Aliona ninachokitazama.

"Yalikuwa yananitia majonzi," akasema. "Kila jioni harufu ile, na mie peke yangu humu. Muhogo haunambii kitu."

Niliumia, siwezi kusema sikuumia. Nilitaka kumwambia kwamba pale palikuwa pangu, kwamba mume wangu alinambia mwenyewe pale pale alipoegemea sururu. Lakini nilimtazama amesimama na mwiko mkononi, mwanamke mtu mzima aliyehamia kwenye nyumba ya mdogo wake aliyekufa, nikaelewa kwamba zile adhuhuri sasa alikuwa nazo yeye.

"Shikamoo wifi," nikasema.

"Marahaba. Pita ndani, chakula tayari."

Baada ya kula alinishusha kunionyesha ngazi ya nne na ya tano alizozikata mwenyewe. Kuta zilikuwa zimenyooka. Tulipanda bamia pamoja mpaka alasiri, yeye akichimba mashimo, mimi nikitia mbegu.

Nilikwenda hivyo mara kwa mara, kisha safari zikapungua. Nikaolewa tena, na mtu wa Chukwani, mwema, mjane kama mimi. Wifi nilimwalika harusini. Hakuja, alituma salamu. Sikumlaumu, angekuja kama nani? Tangu hapo niliona haya kupanda kile kilima.

Nilimwona asubuhi moja sokoni Darajani, amekaa chini mbele ya mafungu ya bamia na muhogo, amezeeka. Nilisimama mbele yake nisijue nimwite nani, maana mimi na yeye, kwa hisabu za watu, hatukuwa tena kitu.

Aliinua macho. Alinitazama tumbo, lililokuwa limeanza kuonekana, kisha uso.

"Usisimame juani na hali hiyo, wifi," akasema, akasogeza kikapu. "Kaa hapa."

Nikakaa. Alinichagulia bamia changa, moja moja, akizivunja ncha kuzijaribu, na mimi nikawa namgeuzia muhogo upande mzuri utazame wanunuzi, mpaka soko likapungua watu.